Tupeane uzoefu: likizo na safari tulizofanya na familia za Kinorwei zilizotupokea

Mleta mada

Ndugu zangu, salaam. Mazungumzo mengi kuhusu vijana wanaokwenda Norwei kwa programu za mabadilishano huhusu viza, baridi na bei ya vitu, na hayo yamekwisha kuelezwa vya kutosha. Safari hii ningependa tuzungumzie likizo, kwa sababu naamini huko ndiko mtu anakoijua hasa familia iliyompokea. Katika siku za shule kila mmoja huondoka asubuhi na mkate wake uliofungwa kwenye karatasi, chakula cha pamoja huliwa mapema jioni, kisha kila mtu huenda kwenye mazoezi yake au chumbani kwake, na mnaweza kuishi hivyo miezi mingi mkabaki watu wa kusalimiana tu. Likizo huwaweka nyote chini ya paa moja dogo, ambapo hakuna pa kujificha.

Kwa wasiojua, mwaka wa shule huanza katikati ya Agosti na kumalizika katika nusu ya pili ya Juni. Katikati yake kuna wiki moja ya mapumziko ya vuli karibu na mwanzo wa Oktoba, kuna Krismasi, kuna wiki moja ya majira ya baridi katika Februari au karibu nayo (tarehe hutofautiana kati ya eneo na eneo), na kuna Pasaka. Mimi nitaanza na Pasaka.

Familia yangu iliishi Drammen. Norwei ina watu wapatao milioni 5.6 na nyumba za mapumziko zaidi ya 400,000, na familia yangu ilikuwa na moja, ambayo wao huiita hytte, juu ya Ål katika bonde la Hallingdal, mahali ambapo gari huachwa barabarani na mizigo huvutwa kwa kisleji juu ya theluji. Baba wa familia ni mhandisi, mama ni daktari, na sakafu ya nyumba yao ya mjini hupashwa joto kwa nyaya zilizofukiwa chini yake. Lakini huko mlimani hapakuwa na maji ya bomba. Umeme wa paneli ya jua ulitosha taa chache tu, choo kilikuwa cha shimo nyuma ya nyumba, na maji tuliyachota kwenye kijito baada ya kuvunja barafu. Mimi nimekulia Rombo, ambako kuchota maji ni kazi niliyodhani nimeiacha nyuma, hivyo nilistaajabu kuona watu wenye uwezo wao wakisafiri saa kadhaa kwa furaha kuifuata.

Kwetu tunasema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Hawa jembe walinikabidhi kabla sijavua koti. Kila mtu alikuwa na zamu, na yangu ilikuwa kuni: kupasua, kubeba, kuwasha jiko asubuhi kabla wengine hawajaamka. Mwanzoni niliona ni ukosefu wa heshima kwa mgeni. Baada ya siku chache nilitambua kwamba hawakuwa na njia nyingine ya kuniambia kuwa sasa nimehesabiwa miongoni mwao, na kwamba mtu asiyepewa zamu katika nyumba ile ndiye aliyekuwa mgeni kweli.

Mchana tulikuwa kwenye skii, zile mbao nyembamba ndefu za kuteleza juu ya theluji. Machungwa na chokoleti inayoitwa Kvikk Lunsj ni vitu visivyokosekana kwenye mkoba wa Pasaka, na ndani ya karatasi ya chokoleti hiyo huchapishwa kanuni tisa za usalama milimani. Kanuni hizo zilienezwa nchini kote baada ya Pasaka ya mwaka 1967, ambapo watu wengi walipoteza maisha milimani, na kazi hiyo ilifanywa na Msalaba Mwekundu pamoja na DNT, chama cha wapanda milima cha tangu 1868. Ya nane inasema geuka mapema, hakuna aibu kurudi. Siku moja tulikuwa tumekaribia kilele ambacho watoto walikuwa wamekizungumzia wiki nzima, wingu likashuka upande wa magharibi, na baba akageuza skii zake bila kujadiliana na mtu. Hakuna aliyenung'unika, hata mtoto mdogo. Nilikotoka, baba kughairi safari mbele ya wanawe kungehitaji maelezo marefu.

Jioni walisoma riwaya za upelelezi, kwa kuwa Pasaka yao ina desturi hiyo tangu miaka ya 1920, kiasi kwamba hata maboksi ya maziwa msimu huo huwa na kisa kifupi cha mauaji cha kutegua. Ibada ya kanisani, ambayo kwangu mimi Mlutheri wa Kilimanjaro ndiyo Pasaka yenyewe, haikuwamo kwenye ratiba. Niliuliza, nikapelekwa Jumapili kwenye kanisa dogo la bondeni, na mama wa familia aliketi nami hadi mwisho. Kwa hiyo ombi langu kwenu ni hili: tuelezeni mlikwenda wapi, mlifanya nini, nani alilipia, na ni jambo gani ambalo kijana anayeondoka nyumbani angepaswa kulijua mapema.

Mchangiaji kutoka Mombasa, aliishi Kristiansand

Ahsante, kaka, kwa kuanzisha mada hii. Mimi ni Mwislamu, na likizo iliyomtia mama yangu hofu ilikuwa Krismasi. Alikuwa amesikia kuwa usiku wa tarehe 24 Desemba, ambao ndio kilele cha sikukuu yao, Wanorwei wa mashariki hula mbavu za nguruwe. Habari hiyo ni ya kweli, lakini nchi ile haina mlo mmoja. Watu wa magharibi hula mbavu za kondoo zilizokaushwa kwa chumvi na kupikwa kwa mvuke juu ya vijiti vya mti, na huku kusini nilikoishi familia nyingi za pwani hupika samaki asiyekaushwa, aina ya chewa, tena wa maji baridi, mweupe, mwenye nyama inayoachana yenyewe. Mwenyeji wangu alikuwa ameniuliza habari za chakula tangu Oktoba, akaandika kwenye karatasi iliyobandikwa kwenye friji, na ndugu wote waliokuja walikuwa wameisoma karatasi hiyo.

Saa kumi na moja jioni kengele za makanisa hupigwa na sikukuu huingia. Baada ya chakula tulishikana mikono tukauzunguka mti huku tukiimba, wazee kwa watoto, na mimi nilizunguka nao bila kuimba yale ambayo imani yangu hainiruhusu kuyatamka. Hakuna aliyeniangalia kwa jicho la pembeni. Huwa kuna uji mtamu wa wali na krimu wenye lozi moja iliyofichwa, na atakayeipata hupewa zawadi ya nguruwe mdogo aliyefinyangwa kwa sukari na lozi. Ilinipata mimi. Chumba kizima kilikaa kimya sekunde moja kwa aibu, kisha nikaanza kucheka mwenyewe, na bibi wa familia akacheka mpaka akalia. Halina nyama jambo lile, ni peremende tu, nami nililila.

Ninalotaka wenzangu walijue ni tarehe 25 na siku zinazoifuata. Kwetu Mombasa siku ya Idi mlango haufungwi, mtu huingia na kutoka, na sahani haziishi kuoshwa. Kule, tarehe 25 ni siku ya kukaa ndani kwa utulivu mkubwa, maduka yamefungwa, barabara ni tupu, watu wanasoma vitabu na kula mabaki ya jana. Kijana asiyeandaliwa anaweza kudhani familia imekasirika. Haijakasirika, inapumzika. Mimi siku hizo niliomba ruhusa ya kupika, nikapika pilau ya samaki, na jirani mmoja aliyekuja kuazima kitu akabaki hadi usiku.

Mchangiaji kutoka Bukoba, aliishi Fredrikstad

Mimi sina hadithi ya milima, ila nina ya Sweden. Fredrikstad iko karibu na mpaka, na katika wiki ya mapumziko ya vuli familia yangu ilinitangazia kwa furaha kwamba tunakwenda nje ya nchi. Nilivaa vizuri. Tulivuka daraja la Svinesund, tukaingia kwenye duka kubwa kupita uwanja wa mpira, na kwa saa nne tulinunua nyama, jibini, soda na peremende za kupima kwa kilo, kwa kuwa bei za Sweden ni nafuu na Wanorwei wa upande ule wamezoea kuvuka kwa ajili hiyo. Sheria ya forodha inaruhusu kila mtu kurudi na kilo 10 za nyama, jibini na bidhaa za jamii hiyo. Baba alikuwa na mizani ndogo ndani ya gari, na alipomaliza hesabu yake akaniangalia kwa upendo ambao sijawahi kuuona tena, maana mimi peke yangu nilikuwa nimeiongezea familia kilo 10.

Nalitaja pia kwa sababu ya msingi. Mpakani hapo mara nyingi hakuna anayekusimamisha, lakini ni mpaka wa nchi mbili, na mwanafunzi wa Kiafrika anapaswa kuwa na pasipoti pamoja na kadi yake ya ukaazi hata kama safari ni ya kununua siagi.

Mchangiaji kutoka Kilwa, aliishi Lofoten

Wengi humu mmekuwa kusini. Mimi nilipelekwa Svolvær, ambako katika Desemba jua halichomozi kwa wiki kadhaa na kuanzia mwisho wa Mei hadi katikati ya Julai halizami. Niliogopa giza kuliko jambo lingine lolote, lakini nawaambia wanaokwenda kaskazini kwamba si giza totoro. Mchana huwa kuna saa chache za mwanga wa buluu, na theluji huung'arisha. Ulionichosha zaidi ni usiku wa Juni, kwa kuwa watoto wa jirani walikuwa wakicheza mpira saa sita za usiku na hakuna aliyewaita ndani.

Likizo ya majira ya baridi iliangukia kwenye msimu wa chewa. Samaki hao hushuka kutoka bahari ya Barents kuja kutaga Lofoten kati ya Januari na Aprili, na wakati huo kisiwa kizima kina kazi. Baba yangu ni mvuvi, na nyumbani tunakausha ng'onda juani, kwa hiyo nilipoona majukwaa marefu ya miti yamejaa samaki waliofungwa mkia kwa mkia, wakikaushwa kwa upepo wa baridi bila hata punje ya chumvi, nilijihisi nimefika mahali ninapopafahamu. Samaki hao hukaa huko juu tangu Februari hadi mwezi Mei au Juni. Wengi huuzwa Italia, na vichwa vilivyokaushwa huenda Nigeria.

Sasa sikilizeni jambo lililonishangaza. Kukata ndimi za chewa ni kazi ya watoto. Mdogo wangu wa familia ile, mwenye umri wa darasa la sita, alivaa aproni ya plastiki, akasimama mbele ya chuma chenye ncha, akawa anachoma kichwa kimoja baada ya kingine na kukata ulimi kwa kisu kikali, haraka kuliko macho yangu. Ndimi hizo huuzwa kwenye mikahawa, na fedha zote ni za mtoto. Yeye ndiye aliyenifundisha, na alinikosoa bila huruma. Baba wa familia alipojua kuwa mimi ni mtoto wa mvuvi alinichukua kwenye mashua yake, tukavua kwa mshipi wa mkono, na kwa mara ya kwanza tangu nifike tulizungumza kwa muda mrefu, yeye kwa Kiingereza chake kilichochanganyika na Kinorwei, mimi kwa Kinorwei changu kibovu, kuhusu nyavu, mikondo na bei. Wanaume wa kule si wasemaji sebuleni. Mpe mtu wa Lofoten kitu cha kufanya kwa mikono, ndipo maneno yatakapotoka.

Mwisho wa likizo tulipanda meli ya pwani kwenda Tromsø kumtembelea nyanya wa familia. Njia hiyo ya meli, ambayo leo hutoka Bergen hadi Kirkenes, ilianzishwa 1893, na ingawa watalii hulipa fedha nyingi kwa safari nzima, wenyeji huipanda kutoka bandari moja hadi nyingine pamoja na mizigo yao. Tuliondoka usiku na kufika mchana wa siku iliyofuata. Njiani mwanga wa kaskazini ulitokea, wa kijani, ukitembea angani. Watalii wote walikimbilia nje. Baba wa familia alikuwa amelala, na nilipomwamsha aliniuliza kama kuna tatizo la injini.

Mchangiaji kutoka Nairobi, aliishi Stavanger

Nawashukuru wote, lakini naona picha inayochorwa hapa inaweza kumpotosha kijana. Si kila familia ina hytte, mashua na nyanya wa Tromsø. Mimi nilipokewa na mama mmoja na mwanawe katika fleti ya vyumba vitatu, na mama huyo alikuwa muuguzi wa zamu, hivyo likizo zetu zilikuwa zile siku alizopata. Ninakiri kwamba sikukosa kitu. Nchi ile ina sheria ya mwaka 1957 inayompa kila mtu haki ya kutembea na kulala kwenye ardhi isiyolimwa, hata ikiwa ina mwenyewe, mradi hema lisiwe karibu zaidi ya mita 150 na nyumba ya watu na usikae zaidi ya siku mbili bila ruhusa. Kwa hiyo tulikuwa na hema, jiko la gesi na basi. Tulipanda Preikestolen, jabali bapa lililo mita 604 juu ya Lysefjord, asubuhi na mapema kabla ya watalii, na kila mmoja alibeba mkate wake na chupa ya kahawa. Gharama ilikuwa nauli tu.

Lililoniumiza lilikuwa safari ya Hispania. Wanorwei wengi hulifuata jua la kusini angalau mara moja kwa mwaka, na dada wa mama huyo alikuwa amenijumuisha kwenye tiketi za familia yake. Kibali changu cha ukaazi kilikuwa kimetolewa, lakini kadi yenyewe ilikuwa haijatoka, na bila kadi nisingeweza kurudi Norwei baada ya kutoka. Nilibaki. Ukiwa na kadi halali unaruhusiwa kutembelea nchi nyingine za Schengen, yaani nchi za Ulaya zilizoondoa ukaguzi wa mipaka kati yao, hadi siku 90 ndani ya kila siku 180. Lakini Uingereza na Ireland hazimo katika mpango huo na zinahitaji viza yake, na hata Svalbard, visiwa vya mbali kaskazini, ingawa ni ya Norwei, iko nje ya Schengen. Familia nyingi hazijui haya, kwa kuwa wao wenyewe hawajawahi kuulizwa. Usiwategemee, fuatilia kadi yako tangu wiki ya kwanza.

Niongeze furaha kidogo ili nisionekane mlalamishi. Tarehe 17 Mei, siku ya katiba iliyotiwa saini Eidsvoll mwaka 1814, ndiyo siku ambayo Wanorwei husahau utulivu wao. Gwaride si la askari bali la watoto wa shule na bendi zao, watu wazima huvaa mavazi ya asili ya kila wilaya, na watoto hula aiskrimu bila kuhesabiwa. Nilimwuliza mama kama ningeazima vazi, akaniambia nivae la kwetu. Nilivaa shuka la Kimasai juu ya suti, ingawa mimi si Mmasai, na wazee wa mtaa walinisimamisha kila hatua kunipa mkono.

Mzazi kutoka Dodoma

Wanangu, nimesoma yote kwa makini. Binti yangu anaondoka Agosti. Naomba mnijibu mawili bila kunipamba: familia ikimpeleka safarini, ni nani anayelipa? Na nguo za baridi tununue Dar es Salaam au vipi?

Mchangiaji kutoka Mombasa, aliishi Kristiansand

Shikamoo mama. Kuhusu malipo, katika mashirika ya kujitolea ya mabadilishano ya vijana kama AFS familia hailipwi kumpokea mtoto, na kwa kawaida chakula na malazi ya nyumbani ni juu yao. Safari za likizo ni jambo la kukubaliana. Familia yangu ililipia petroli na chakula, mimi nililipia tiketi yangu ya treni tulipokwenda Bergen. Njia ile hupita Finse, stesheni iliyo mita 1,222 juu ya usawa wa bahari, na sikujutia hata shilingi moja. Sisi watu wa pwani huona haya kuuliza habari za fedha, lakini kule swali hilo halimvunjii mtu heshima. Binti yako awaambie mapema, "Ningependa kuja, je, sehemu yangu itakuwa kiasi gani?" Wakimjibu kuwa ni juu yao, ashukuru na asibishane, kwa sababu wakisema jambo huwa wamelimaanisha. Ikitokea gharama inamzidi, aseme hivyo hivyo, au amweleze mtu wa shirika aliyepangiwa kumfuatilia.

Mleta mada

Shikamoo mama. Msinunue makoti Dar es Salaam. Mengi ni mazito kwa macho tu. Cha muhimu kuliko koti ni nguo za ndani za sufu halisi na soksi zake, na hizo atazipata huko kwa bei nzuri kwenye maduka ya mitumba kama Fretex ya Jeshi la Wokovu, au kwa kurithi kwa ndugu wa familia, ambao huwa na makabati yaliyojaa. Skii, viatu vyake na hata mikoba ya kupandia mlima asinunue kabisa. Kuna mpango uitwao BUA wenye vituo katika manispaa nyingi, unaoazimisha vifaa vya michezo na matembezi kwa watoto na vijana bila malipo, kwa kawaida kwa wiki moja. Aulize manispaani kituo kiko wapi, na aende mapema kabla ya wiki ya mapumziko ya Februari, maana siku ya mwisho hubaki viatu vya namba kubwa tu.